Daftari la Namba Onze

Bunia, Mudzi-Pela
Jumapili, tarehe 12 Januari 2025

Kwa Bwana Néhémie Ukumu, mchezaji wa raga,

Hunijui, na sikuombi jezi wala picha. Mimi ni mzee wa miaka sabini na nane, mwalimu wa hesabu niliyestaafu. Moyo wangu umepanuka na miguu imejaa maji. Binti yangu Bénédicte ni muuguzi, na kwa kuwa nilimlea aseme ukweli, ameniambia: msimu huu wa raga huenda nikaumaliza, ujao hapana. Ndiyo maana ninaandika kwa haraka, na ndiyo maana nimemsumbua apige picha kurasa hizi kwa simu yake na kuzituma kwa watu wa timu yenu huko Ufaransa, kwa tumaini kwamba mmoja wao atakufikishia.

Nieleze kwanza jinsi ninavyokutazama. Kila Jumamosi motari, kijana wa pikipiki, ananipeleka kwa Fabien, mwenye chumba cha video karibu na soko. Vijana wamejaa mbele ya televisheni kubwa wakitazama kandanda. Mimi Fabien ananiwekea ile ndogo ya pembeni, ambayo spika yake ilikufa zamani. Hunitania kila mara: “Muzee, hawa batu bako banapigana juu ya yai, na hata yai yenyewe habalikule.” Ninamjibu kwamba kukimbia mbele na mpira mbele hata mbuzi anaweza, kwenda mbele huku mpira unarushwa nyuma, hapo ndipo shule inapoanza. Vijana wanacheka, halafu wananiacha na daftari langu.

Niko kwenye daftari la kumi na moja. Kila mechi yako iliyoonyeshwa kwa miaka sita imo. Ukurasa una safu tano: dakika, upande, kilichotokea, sababu, la kufanya. Ninajua kwamba ukitaka kumpita mtu kwa ndani, bega lako la kulia linashuka kwanza, kiasi cha upana wa kidole. Mkabaji akiliona hilo bega, kiuno chako kimeshaondoka. Ninajua kwamba mkono wako wa kumsukumia mtu huunyooshi mapema kama wenzako. Unauficha kifuani mpaka yeye ajirushe mwili mzima, ndipo unaunyoosha. Ukipokea mpira ukiwa umesimama, unapiga hatua mbili fupi kabla ya ile ndefu. Ninazijua hatua zako kuliko zangu, ambazo siku hizi ni saba kutoka kitandani hadi mlangoni.

Sasa jambo lenyewe. Miaka mitano ulicheza namba onze, yaani kumi na moja, pembeni kushoto, na hakuna aliyekuweza. Tangu Oktoba kocha amekuhamishia kulia, namba quatorze, kumi na nne. Nimeandika makosa yako tisa tangu siku hiyo. Saba yametoka upande wa kushoto. Mara mbili mwenzako alikuita, nilimwona mdomo, na hukugeuka. Mara nne ulipigwa na mtu uliyekuwa hujui kama yuko. Na mara moja filimbi ilipulizwa nyuma ya bega lako la kushoto nawe ukaendelea kukimbia mpaka ulipoona wengine wamesimama.

Ulipokuwa namba onze, kushoto kwako kulikuwa na mstari wa chokaa tu na watazamaji wanaokunywa bia. Wenzako wote walikuwa kulia. Watangazaji walisifu jinsi unavyogeuza kichwa kila baada ya hatua nne au tano. Walisema ni akili ya pekee. Mimi ninasema ni mtu anayetafuta kwa macho kile ambacho sikio halimletei.

Sikio lako la kushoto halisikii, Bwana Néhémie. Mkataba wako unakwisha Juni na magazeti yanasema umeisha pamoja nao. Hujaisha. Umewekwa upande usio wako. Mwambie kocha.

Swali moja la mwisho, kama mpenzi wa mchezo. Kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, unachuchumaa na kuruka mara tatu, kama chura. Nani alikufundisha hivyo?

Wako katika mchezo,
Mwalimu Sébastien

~

Tarehe 27 Januari 2025

Mzee Sébastien,

Samahani kwa Kiswahili changu. Ninakiongea na mama peke yake, kwa simu, na kukiandika ni kama kuvaa viatu vya utoto.

Barua yako niliipata mazoezini, kwenye simu ya dada anayejibu wapenzi wa timu. Yeye hasomi Kiswahili, Mungu asifiwe. Nilisoma nimesimama, halafu nikaenda kukaa chooni nikasoma tena. Kocha wetu ana watu watatu wenye kompyuta, wananipima mpaka jinsi ninavyopumua. Hawajaona. Wewe una kalamu ya bic na televisheni bila sauti.

Nani alikuambia? Anayejua ni mama tu. Wewe ni daktari?

Ndiyo, halisikii. Nilipoingia kituo cha raga cha vijana hapa Ufaransa nilikuwa na miaka kumi na sita. Daktari alinivalisha vile vya masikioni vya kupima usikivu, nikaangalia uso wake kwenye kioo cha dirisha; kila alipobonyeza, jicho lake lilishuka kidogo. Nikainua mkono kana kwamba nimesikia. Tangu siku hiyo ninainua mkono. Ukisema uongo mdogo ukiwa na miaka kumi na sita, unaukuta umekua mkubwa kukupita. Nikisema leo, watauliza: miaka kumi na mbili ulitudanganya, na nini kingine? Na namba onze wamempa kijana wa miaka ishirini anayekimbia kama moto wa majani. Kwa hiyo ninakuomba, mzee wangu, usimwambie mtu.

Unastahili kujua ilivyotokea, kwa sababu ni huko kwenu. Mwaka 2003, wiki ile ya mizinga, bombu lilianguka karibu na kanisa tulipokuwa tunasomea. Nilikuwa na miaka saba. Ninakumbuka kishindo, halafu kama mbu aliyeingia sikioni akakataa kutoka. Mwalimu wetu alinibeba mgongoni mpaka nyumbani, barabara nzima, huku risasi zinalia. Jina lake silijui. Mama husema “mwalimu wako” tu. Kesho yake mama alimpelekea kuku, na ilikuwa kuku yetu ya mwisho. Wiki iliyofuata tulikimbilia Uganda. Nimefika hapa nilipo, na mara nyingi ninamfikiria mwalimu yule. Kama yuko hai, pengine unamfahamu. Walimu mnajuana. Mwambie kwamba ule mzigo wa mgongoni sasa una kilo tisini na tatu.

Kuhusu kuruka: sijui. Nimefanya hivyo tangu utoto. Nisiporuka, mwili haunipi amani. Wenzangu wananiita la grenouille, chura.

Andika kwa namba hii hapa chini, si kwa timu.

Néhémie

~

Bunia, tarehe 9 Februari 2025

Néhémie,

Barua hii nimeichana mara tatu. Bénédicte atapiga picha kurasa zake, nimemwomba asisome. Atasoma.

Mwalimu yule ninamfahamu. Ni mimi.

Na bombu halikuwepo. Mizinga ilikuwa mbali, upande wa uwanja wa ndege, na hakuna kilichoanguka karibu na kanisa siku ile. Ni mimi niliyekupiga. Kofi moja, mkono wa kulia, kwenye sikio la kushoto. Ulianguka kati ya benchi mbili. Damu ilitoka kidogo, uzi mwembamba tu. Nilikubeba kwa sababu ulikuwa unayumba, na nilipofika kwenu nikamwambia mama yako: bombu. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu wiki ile. Nililichukua kama mtu anavyochukua mwavuli wa jirani.

Nikueleze sababu. Nilikuwa mwalimu wa sekondari. Vita vilifunga shule yetu, nikapewa darasa la pili, watoto arobaini ndani ya ukumbi wa kanisa. Asubuhi ile vijana wenye silaha walikuja. Walikuwa dirishani, bunduki zimeegemea ukuta, wakitafuta kisa. Katika ukimya ule wewe ulifanya utundu, ukacheka. Kicheko kimoja kingetosha kutumaliza sote. Nilikupiga ili unyamaze. Nilipiga kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, lakini nilipiga ili uishi. Hivyo ndivyo nilivyojieleza miaka ishirini na mmoja.

Na jambo jingine. Nilikuandikia kwamba nililigundua sikio lako kwa kukutazama. Si kweli. Siku ile kwa Fabien, miaka sita iliyopita, jina lako liliandikwa chini ya picha, na chini ya jina: mzaliwa wa Bunia. Nilihesabu umri wako hapo hapo. Nikaanza daftari la kwanza. Nilikuwa ninatafuta kitu kimoja tu: mechi moja, dakika moja, ambapo mtu angekuita kutoka kushoto nawe ungegeuka kwa sauti yake. Nikikipata, nilisema, nitafunga daftari na kufa nimetulia. Nimetazama mechi mia moja na kumi na nne. Kilichotokea katikati ni kwamba nilianza kuupenda mchezo, na kukupenda wewe ndani yake, lile bega, ule mkono uliofichwa kifuani. Sikupanga hivyo. Lakini daftari lilianza kama upelelezi wa mhalifu juu ya kosa lake mwenyewe.

Mwambie kocha. Ukitaka umwambie kwamba ni mwalimu aliyekupiga, mpe jina langu lote.

Sébastien

~

Bunia, tarehe 2 Machi 2025

Néhémie,

Wiki tatu. Bénédicte ananionyesha simu: alama zile mbili ni za buluu, maana yake umesoma. Yeye pia alisoma. Siku mbili alinipa dawa bila kuniita papa. Anaweka kikombe, anasimama, anahakikisha nimemeza, anatoka.

Jana nilikwenda kwa Fabien ingawa Bénédicte alinikataza. Mjini watu hawatulii, kila siku habari mpya za mapigano, kila mtu anauliza barabara ya Djugu ikoje leo, malori ya Mahagi yamepita au hayakupita. Motari alizunguka na mimi mara mbili kukwepa kizuizi. Nilifika umeshaanza kucheza.

Dakika ya kumi na tisa, upande wa kushoto. Mpira uko juu, unautazama, mikono imefunguka. Mwenzako namba quinze, yule kumi na tano, anakimbia kutoka nyuma na kukuita kwamba ni wake. Hukumsikia. Mmegongana kichwa kwa kichwa. Yeye aliinuka. Wewe ulikaa chini muda ambao niliuhesabu kwa mapigo ya moyo wangu, na moyo wangu haufai kwa kazi hiyo. Walikutoa. Kijana mmoja kwa Fabien aligeuka akasema, “Muzee, mutu yako bamemumaliza.” Fabien akamwambia, “Angalia mupira yako weye.” Halafu akaniletea maji.

Adhabu yangu nitaichukua. Nitukane, au ninyamazie mpaka nife. Lakini ukininyamazia mimi, usimnyamazie kocha. Safari ijayo anayekuja kutoka kushoto hatakuwa mwenzako, na atakuja kwa bega lililoinama.

Sijui kama bado nina haki ya kusikilizwa nawe. Ninaandika hata hivyo.

Sébastien

~

Mahagi, tarehe 14 Machi 2025

Mwalimu,

Mi njo Angélique, mama ya Néhémie. Nilirudia huku Mahagi miaka munane iliyopita, niko na shamba ya kahawa kidogo na kantini pa barabara. Hii barua nimeipatia shofere wa lori, ataiacha pa kazi ya mutoto wako Bénédicte. Simu sitaki. Maneno ya simu yanapita. Mi nataka weye uishike hii mu mikono.

Mwana alinisomea mu simu barua yako yote, pole pole, na mi nikasikiliza mpaka mwisho. Alifikiri ninalia. Sikulia. Nilikuwa nakungojea tangu deux mille trois, mwaka ule wa mizinga, Mwalimu. Sasa umekuya, na umekuya na nusu ya ukweli.

Ile jioni mwana alinielezea kila kitu. Alikuwa na miaka saba, haikuwa bubu. Hawa batu ya bunduki habakuwa pa dirisha. Waliingia mu darasa. Walikukuta umevaa kravati, wakasema: ah, mukubwa, turukie chura. Na weye ukaruka, mbele ya batoto, kutoka ubao mpaka mulango, na kravati inafagia chini. Walicheka, wakakwenda. Wa-li-kwen-da, Mwalimu. Débora, ule mama wa kufagia kanisa, alifunga mulango nyuma yao na mukono yake mwenyewe. Aliniambia yeye mwenyewe pa kisima. Hakukuwa tena bunduki. Kulikuwa weye, na batoto, na mulango imefungwa.

Na mwana hakucheka. Unajua aliniambia nini? “Mama, mwalimu alikuwa anaruka peke yake, na benzangu bote banamuangalia. Njo mi naye nikaruka.” Aliruka mara tatu nyuma yako. Weye uligeuka, ukamuona anaruka, ukafikiri anakuchekelea. Wengine wamekuonea, na weye ukatafuta mudogo wa kuonea.

Kesho yake nilileta kuku. Unafikiri nilileta juu ya asante? Nilisimama pa mulango yako na ile kuku mu mukono, inapiga mabawa, na nilisimama muda murefu. Nilikuwa nakufungulia njia. Mutu akikuona umeleta kitu na mwana wako anatoka damu, anapaswa kusema. Weye ulisema: “Asante mama, vita ni kitu mbaya.” Nikarudia nyumbani. Kuku mulikula, nilisikia ilikuwa na mayai ndani.

Mi naye niko na kosa, na nitaisema mbele yako. Mwana alikuwa na homa siku tano. Alipopona alianza kuchanganya: Mama, ilikuwa mwalimu ao ilikuwa bombu? Nikamwambia, bombu. Mutoto akichukia bombu, anaweza tena kuingia darasani. Akichukia mwalimu, shule imekwisha, na pa Uganda shule ilikuwa kitu moja tu niliweza kumupatia. Njo nikamupatia mwalimu muzuri, wa kumubeba mu mugongo. Nilikutengeneza, Mwalimu. Ule mwalimu anamupenda miaka hii yote ni mi nilimushona.

Sasa nimemwambia kama nilijua tangu zamani, na amekasirika na siye bawili. Siku kumi hanipigie simu, na mbele alikuwa anapiga kila siku. Sikutukani. Uko muzee na uko mugonjwa. Lakini usikufe na ile hadithi ya dirisha. Ukikufa nayo, mwana atabaki hajui kama alikuwa mutoto mubaya.

Angélique

~

Tarehe 24 Machi 2025

Mwalimu,

Hii ni fupi.

Mama alinipigia mwishowe, akasema yote, la chura pia. Nilizima simu nikaenda uwanjani peke yangu. Nilichuchumaa nikajaribu kukumbuka. Hakuna kitu. Miguu inakumbuka, mimi sikumbuki. Miaka yote hii ninaruka mbele ya watu elfu thelathini na sijui ninamsindikiza nani.

Wewe ulijua. Barua ya kwanza uliniuliza nani alinifundisha. Uliuliza kama mpenzi wa mchezo.

Watu wawili wamenipa bombu badala ya ukweli. Mama nitamsamehe, yeye alikuwa na sababu, na ni mama. Wewe sijui. Usiniandikie kwamba unajuta. Nimesoma barua zako tatu na neno hilo liko kila mahali bila kuandikwa, linanichosha.

Nataka kitu kingine. Umeandika makosa yangu miaka sita: dakika, upande, kilichotokea, sababu, la kufanya. Hukunionea huruma hata mara moja, na nakiri ulikuwa sahihi katika yote uliyoniandikia. Andika kosa lako hivyo hivyo. Safu tano, bila hadithi. Nikilisoma nitajua kama ninaweza kusoma madaftari mengine kumi na moja.

Kesho asubuhi ninaingia kwa kocha. Siendi kwa sababu yako.

Néhémie

~

Bunia, Jumapili, tarehe 6 Aprili 2025

Néhémie,

Herufi zinapanda na kushuka. Nisamehe hilo tu. Bénédicte alitaka niseme yeye aandike. Nimekataa. Akaondoka, akarudi na kibao cha kuegemezea karatasi. “Shika, papa,” alisema. Papa. Nimemwonyesha barua ya mama yako pia, yote, kabla ya kuanza hii.

Jana Bénédicte hakutaka niende kwa Fabien. Fabien mwenyewe alikuja, na ile televisheni ndogo amefunga nyuma ya pikipiki kwa mipira ya baiskeli. Aliiweka juu ya meza ya dawa, akahangaika na waya mpaka picha ikaja.

Bado uko namba quatorze. Lakini mechi haijaanza, nikamwona namba treize, kumi na tatu, anatembea mpaka kwako na kukugusa bega la kushoto mara mbili. Dakika ya tano, tena. Dakika ya kumi na moja alikuwa mbali, akainua ngumi juu ya kichwa, nawe ulikuwa umeshamtazama yeye kabla ya kuutazama mpira. Kila anayekuja kushoto kwako sasa anakuja kwa mkono au kwa ishara. Hiyo si bahati. Mtu amekaa na watu kumi na wanne akawafundisha. Kocha anajua, na hakukufukuza.

Nilimwambia Fabien: angalia, wamemgusa bega. Akaangalia. “Muzee, batu wamegusana bega, na weye unalia?” Halafu akaona si mzaha, akavuta kiti karibu na kitanda. Dakika ya sitini na mbili, ulipompita yule mkabaji mkubwa kwa ndani, Fabien ndiye aliyepiga kelele, mimi nilikuwa ninaandika.

Uliruka kabla ya mechi. Mara tatu. Miaka sita, kila uliporuka, niliinamisha uso kwenye daftari na kujifanya ninaandika tarehe. Jana niliangalia.

Madaftari kumi na moja yamefungwa pamoja. Bénédicte atayapeleka kwa mama yako Mahagi, kwa mikono yake, barabara ikifunguka. Ukiyataka yako huko. La kumi na mbili lina ukurasa mmoja tu ulioandikwa. Nimeunakili hapa kama ulivyo, kwa safu zile zile.

Jumatatu, tarehe 5 Mei 2003. Darasa la pili, ukumbi wa kanisa, watoto arobaini.

Dakika: kama ya tano baada ya wenye silaha kuondoka. Mlango ulikuwa umefungwa.

Upande: kushoto.

Kilichotokea: mtoto Néhémie Ukumu, miaka saba, aliruka mara tatu nyuma ya mwalimu wake ili mwalimu asiruke peke yake. Mwalimu aligeuka, akampiga sikioni. Mtoto hakuwa na kosa.

Sababu: aibu.

La kufanya: kusema kesho yake, mama akiwa bado amesimama mlangoni na kuku mkononi.

Sébastien